Maswali tunayoulizwa kila siku kliniki ya meno ya watoto (mama, baba, bibi na dada wa kazi wote wasome)

Kliniki yetu ipo upande wa Tengeru, barabara kuu ya kwenda Moshi, na wanaokuja wengi ni wa humu humu Meru: Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, wengine wanashuka kutoka kule juu mlimani na wengine wanatokea Arusha mjini. Simu ya mapokezi inaanza kuita asubuhi kabla hatujafagia na maswali ni yale yale, kwa hiyo tumeyaweka hapa kama mnavyoyauliza nyie wenyewe. Mambo ya kitabibu dokta ameyapitia yote. Maneno ya pembeni ni yangu mimi wa mapokezi, msimlaumu yeye.

Mtoto nimlete akiwa na umri gani?

Jino la kwanza likichomoza, au akifikisha mwaka mmoja, kipi kianze. Wengi wanacheka wakisikia hivyo, eti ana meno mawili tu mnaangalia nini. Tunaangalia hayo hayo mawili, na zaidi tunaongea na wewe kuhusu chupa, uji na mswaki kabla mambo hayajaharibika, maana wengi mnakuja mtoto ana miaka minne hajalala siku tatu, na hapo hata akimuona mtu kavaa koti jeupe anaanza kupiga kelele.

Mtoto mdogo hatumpandishi kwenye kile kiti kikubwa. Mama anakaa, dokta anakaa mbele yake magoti yanagusana, mtoto kapakatwa anamtazama mama yake, afu analazwa taratibu mpaka kichwa kinatua mapajani kwa dokta. Muda wote anamuona mama. Akilia sawa tu, mdomo unakuwa wazi na dokta anamaliza haraka.

Meno ya utoto si yanatoka tu? Kwa nini nilipe hela kuyaziba?

Hili swali wanaliuliza sana kina baba, tena kwa simu, mama akiwa kashafika hapa na mtoto.

Meno ya utoto yapo 20. Ya mbele yanaanza kutoka kwenye miaka 6 au 7, ni kweli, hayo hayakai sana. Lakini magego ya utoto mtoto anatafunia mpaka miaka 10, 11, wengine 12. Sasa gego limetoboka ana miaka 4, utamwambia avumilie miaka saba? Halafu likiwahi kung'olewa yale ya pembeni yanasogea kuziba nafasi, la ukubwani likija halina pa kupita linatokea upande. Hapo ndo unaanza kuulizia waya za meno ambazo bei yake wala haifanani na kuziba.

Na kingine ambacho wazazi wengi hawajui: kwenye miaka 6 kuna gego la ukubwani linaota nyuma kabisa, nyuma ya magego yote ya utoto, na halisubiri jino lolote litoke. Mzazi anadhani na lenyewe ni la utoto, linatoboka anasema litaota lingine. Haliotiiiii. Hilo ndo la maisha.

Kuziba lazima ile mashine inayopiga kelele?

Sio lazima, inategemea na tundu. Kuna njia ya kukwangua ule uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa dawa inayoshikana na jino na yenyewe inatoa floraidi (madini yanayokaza jino) kidogo kidogo. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Na hii njia, mjue kabisa, imeanzia hapa hapa Tanzania, miaka ya 1980 katikati, kwenye shule ya udaktari wa meno Dar es Salaam, kwa ajili ya sehemu ambazo hakuna umeme. Shirika la Afya Duniani likaja kuitangaza tarehe 7 Aprili 1994 na leo inatumika nchi nyingi, mpaka za wenye umeme usiokatika. Kwa hiyo mtu akikwambia ni tiba ya maskini mwambie akasome.

Kuna dawa mlimpaka mtoto wa jirani jino likawa jeusi. Ndo nini hiyo?

Ina madini ya fedha na floraidi, inapakwa kwenye tundu ili uozo usimame, haina sindano wala kukwangua. Sehemu iliyooza inageuka nyeusi na inabaki hivyo. Toka 2021 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa mtoto wa miaka miwili asiyetulia inasaidia sana, ila weusi tunakwambia kabla, na kama ni meno ya mbele tunataka mkubaliane nyumbani kwanza. Mama mmoja alikubali, jioni mama mkwe akapiga simu anauliza mmemfanyia nini mjukuu wangu. Siku hizi tunapiga picha ya mfano tunamtumia yeyote mwenye sauti kwenye familia, afu ndo tunaanza.

Mtoto ana homa na anaharisha, bibi yake anasema ni meno ya nailoni yang'olewe. Mnang'oa?

Hatung'oi, na tunakuomba usimpeleke kwa anayeng'oa.

Tuelezane vizuri maana kwenye hili watu wanagombana ndani ya nyumba. Mtoto wa miezi minne, mitano, kwenye fizi pale penye chonge pana kauvimbe keupe. Hicho ni kichipukizi cha jino la chonge, kila mtoto duniani anacho, hata wewe ulikuwa nacho. Linakuwa laini kwa sababu bado halijakomaa, likichokolewa linatoka kama kitu cha plastiki, ndo maana likaitwa jina hilo, meno ya nailoni, wengine meno ya plastiki. Sasa kuanzia umri huo ndo mtoto anaelekea kutambaa, anaokota kila kitu anatia mdomoni, anaanza uji na maji, na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inapungua. Lazima ataharisha. Watu wakafungua mdomo wakaona kauvimbe wakasema mchawi ndo huyu.

Wanaong'oa wanatumia spoku ya baiskeli, kisu, msumari, wembe. Mtoto anatoka damu nyingi, anaweza kupata pepopunda au maambukizi mengine kwenye damu, na ugonjwa wenyewe uliomfanya aharishe unaendelea. Kinachomuua mtoto anayeharisha ni kuishiwa maji. Anahitaji ORS (ile ya pakiti inayochanganywa na maji), vidonge vya zinki, aendelee kunyonya, na kituo cha afya, haraka, siku hiyo hiyo.

Waliong'olewa tunawajua hata kama mama hajasema. Mtoto wa miaka minne anafungua mdomo, chini hana chonge pande zote mbili na meno yamesogea. Na akija kuota la ukubwani saa ingine linatoka limekunjamana au halitoki kabisa, kwa sababu kijichipukizi cha ukubwani kilikuwa pale pale chini.

Ila msiwatukane bibi. Mimi nimekaa hapa nimeona mabibi wamewabeba wajukuu kwa miguu toka juu mlimani kwa ajili ya uchungu tu. Wao waliona watoto wakifa kwa kuharisha enzi hizo hakuna ORS wala mtu wa kuwaeleza, wakashika walichoambiwa. Mlete bibi mwenyewe, dokta anamkalisha, anamuonyesha kauvimbe hako hako kwenye mdomo wa mtoto mwingine mzima ambaye yupo hapo anacheza hana homa. Akishaona kwa macho yake anakuwa anatusaidia kuliko tangazo lolote, maana akirudi kijijini akisema yeye, wakwe wote wananyamaza.

Mwanangu meno ni ya kahawia, mwalimu anasema hapigi mswaki. Mnaweza kuyasafisha?

Kama umezaliwa huku unajua jibu. Sio uchafu, na mwalimu kama ni mgeni mwambie aje tumweleze.

Maji ya huku yanapita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, yanabeba floraidi nyingi. Floraidi kidogo inasaidia jino, ikizidi wakati jino linatengenezwa ndani ya fizi, linatoka na mabaka meupe kama chaki, likizidi zaidi linakuwa la kahawia na vishimo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita moja, na Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 4 kwa sababu maji mengine yalikuwa hayapatikani. Maji ya Chai, Ngurdoto, Oldonyo Sambu kuna vyanzo vinavyozidi hapo mbali. Ikiwa nyingi sana inagusa mpaka mifupa, ndo wale watoto mnaowaona miguu imepinda.

Na sio maji peke yake. Magadi! Yale mnayoweka kwenye makande na maharage yaive haraka, mengi nayo yana floraidi. Mtu ananunua maji ya dukani kwa ajili ya mtoto afu jioni sufuria ya makande inapata bonge la magadi.

Kisichowezekana na kinachowezekana:

Kupiga mswaki kwa nguvu hakutoi. Mkaa, chumvi, majivu, ndimu, hivyo vyote vinakwangua jino tu, na ndimu inaliyeyusha kabisa. Tumempokea binti wa sekondari aliyesugua kwa mchanga, naomba niishie hapo.

Kuchemsha maji hakupunguzi floraidi, tena yanapungua kwa mvuke yenyewe inabaki, kwa hiyo inakolea. Chemsha kwa ajili ya vijidudu, sawa, ila usidhani umeitoa hiyo.

Maji ya mvua ya batini hayana shida hiyo, kama una tenki safi yatunze kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto, nguo fulia ya bomba. Kuna pia vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimevifanyia kazi miaka mingi, vinafanya kazi vizuri ila mkaa unachoka lazima ubadilishwe. Wengine wanauliza kama mkaa wa mifupa ni sawa kiimani, hilo kamuulize kiongozi wako wa dini, sisi tunajibu ya kinywani.

Muda muhimu ni toka anazaliwa mpaka kwenye miaka 8, hapo ndo meno ya mbele ya ukubwani yanajengwa. Akipita umri huo baka jipya haliji kwenye hayo. Yaliyoshaharibika yanaweza kufunikwa au kupunguzwa rangi akiwa mkubwa kidogo, tunaongea na yeye mwenyewe, maana wengine wala hawataki. Kuna kijana alimwambia mama yake mbele yetu "kwani darasani nani ana meupe", na kweli, darasa lake lote ni wa bomba moja.

Kama maji yana floraidi, basi asitumie dawa ya mswaki yenye floraidi?

Atumie, ila kiasi. Dawa inagusa jino kwa nje na inatemwa, maji yanamezwa kutwa nzima. Chini ya miaka 3 paka kama punje ya mchele, miaka 3 mpaka 6 kama punje ya njegere. Yale matangazo ya dawa imejaa mswaki mzima mgongo wote yanauza dawa. Na mtu mzima ndo apake, maana zile zenye ladha ya matunda mtoto anazila kama jamu.

Mswaki wa mti unafaa?

Unafaa ukitumika vizuri, uwe laini, ncha itafunwe kila siku, na ufike nyuma kwenye magego, ambako ndo watu huwa hawafiki. Mtoto mdogo anaweza kujitoboa fizi kwa hiyo sio wa kumwachia anakimbia nao. Bora zaidi ni mswaki mdogo wa dukani na dawa, mara mbili kwa siku, na wa usiku ndo usikosekane.

Mpaka miaka 7 au 8 mkubwa amsaidie. Sio kumsimamia mlangoni unasema piga, piga. Kaa nyuma yake, kichwa chake kiegemee kifuani kwako, inua mdomo wa juu kwa kidole uone. Na kila mtoto mswaki wake jamani. Tunaulizia hapa "mswaki wa huyu ni upi" tunajibiwa "wanatumia wa bluu", wanatumia, yaani wote wanne.

Pipi tumeacha kabisa, mbona bado meno yanaoza?

Ubuyu wa rangi je? Lambalamba? Barafu za ukwaju getini shuleni? Biskuti za kumnyamazisha kwenye daladala? Juisi ya pakiti? Uji wenye sukari vijiko vitatu kwenye chupa anaolala nao mdomoni?

Kinachoozesha zaidi ni mara ngapi kwa siku, kuliko kiasi. Kila akila kitamu, bakteria wa mdomoni wanatengeneza tindikali kama nusu saa hivi, mate yanakuja kusafisha. Anayekula ubuyu mmoja mmoja toka saa nne mpaka saa kumi hayo mate hayapati nafasi. Kama ni lazima ale, ale na chakula cha mchana amalize. Usiku chupa iwe na maji tu. Kumwachisha chupa ya usiku ni vita, tunajua, punguza sukari siku baada ya siku na mwambie dada na bibi wafanye hivyo hivyo, maana mtoto anajua vizuri sana nani ndani ya nyumba hana msimamo.

Nani aje na mtoto? Mimi kazini sipati ruhusa.

Yeyote anayekaa naye, hata dada wa kazi, kwa kweli dada mara nyingi anajua mtoto anakula nini kuliko mama. Ila kwa kung'oa, ganzi au ile dawa nyeusi tunahitaji mzazi au mlezi akubali, kwa hiyo uwe hewani. Usimtume mtoto na kaka yake wa darasa la sita. Na kama ana selimundu, tatizo la moyo, pumu, kifafa, mzio wa dawa, umwambie anayemleta atuambie, bora hata uandike kwenye karatasi. Mwenye usonji au asiyepatana na kelele tupigie kabla, tunampa saa ambayo hakuna foleni na anaweza kuja mara ya kwanza kuangalia tu akaondoka.

Jumatano na Jumamosi ni gulio la Tengeru, tunajaa vikapu na ndizi mpaka mlangoni. Kama huna haja ya soko njoo siku nyingine.

Nimwambie nini kabla ya kuja ili asiogope?

Kidogo tu. "Tunaenda dokta ahesabu meno." Basi. Usimwambie "hawatakuchoma sindano", hakuwa anaifikiria kabisa, sasa ndo anaifikiria. Na wale mnaowatishia nyumbani, "usipokula nitakupeleka kwa dokta wa meno akung'oe", tunaomba muache, mnatutafutia kazi. Baba anayeogopa meno akae nje na wala sio aibu, mtoto anausoma uso wako.

Jino linauma usiku, nimpe nini?

Parasetamol kwa kipimo cha uzito wake, asukutue maji ya uvuguvugu yenye chumvi kama anaweza kutema. Aspirini usimpe mtoto, wala usiiweke juu ya fizi, inaunguza. Tumbaku, mafuta ya taa, maji ya betri (ndio, yapo), hapana. Na ile amoksilini iliyobaki ya kaka yake mwaka jana iache.

Uvimbe ukipanda kuelekea jichoni au ukishuka chini ya kidevu, au ana homa, hawezi kumeza au kufungua mdomo, usitusubiri sisi tufungue, nenda hospitali usiku huo huo.

Kaanguka shuleni jino limetoka zima. Nafanyaje?

Walimu hili ni lenu. La utoto usilirudishe. La ukubwani lishike sehemu ya juu inayotafunia usiguse mzizi, lisuuze sekunde chache usilisugue, lirudishe kwenye tundu lake mtoto ang'ate kitambaa. Ukishindwa liweke kwenye maziwa, na huku kwetu maziwa hayakosekani, afu bodaboda moja kwa moja. Ndani ya saa moja kuna matumaini makubwa. Lililofungwa kwenye tishu kavu mfukoni mpaka kengele ya kutoka, mara nyingi limeshakufa.

Jino likitoka mnanipa?

Tunampa mwenyewe. Arushe batini, kila nyumba na maneno yake, sisi hatuingilii. Mkija mmelisahau tunawatunzia kwenye bahasha lakini sio mwezi mzima.

Mnakuja mashuleni na makanisani?

Tunakuja, misikitini na kwenye vikoba pia. Wengi mnaomba karibu na tarehe 20 Machi, siku ya afya ya kinywa duniani, na wiki hiyo inajaa mapema. Mwezi mwingine wowote ni rahisi zaidi. Tunachohitaji ni kivuli, meza, ndoo ya maji, na wazazi wawepo, kwa sababu mtoto wa chekechea ukimfundisha peke yake akifika nyumbani hana wa kumnunulia mswaki.

Sina hela yote leo.

Sema mapema, pale mapokezi, kabla ya kuingia. Bima inategemea kifurushi chako, njoo na kadi tuiangalie. Kuja kuangaliwa tundu likiwa dogo ndo nafuu yenyewe.

Ametoka kutibiwa, ale saa ngapi?

Kama hakuchomwa ganzi na hakuzibwa, muda wowote. Kama amezibwa, ulizia kabla ya kuondoka. Kama ana ganzi, subiri iishe, masaa mawili matatu hivi, na umwangalie asiutafune mdomo wake, maana hausikii na anaona raha kuung'ata. Tunapigiwa simu kesho yake, mdomo umevimba kuna kidonda cheupe, mama anadhani sindano ilikuwa na vijidudu. Ni meno yake mwenyewe. Asile hapo njiani mnaporudi, hata muuza mahindi akiwafuata dirishani. Mguse mdomo wa chini kwa kidole, akisema anasikia pande zote mbili, mpe uji wa vuguvugu.